Whisky ya Barra, Karanga za Nachingwea

 

Leo nitazungumzia ulevi. Masheikh na wachungaji waliomo humu wanivumilie, kwa kuwa ulevi wenyewe ni wa Waingereza. Niseme sawasawa: ni wa Waskoti, watu wasiopenda kabisa kuitwa Waingereza, na hilo nalo ni sehemu ya hadithi.

Alfajiri ya tarehe 5 Februari 1941, vita vikiwa vimepamba moto, meli ya mizigo iitwayo SS Politician ilipanda mwamba karibu na kisiwa cha Eriskay, katika visiwa vya magharibi mwa Scotland. Ilikuwa imetoka Liverpool, inakwenda Jamaika na Marekani. Mabaharia waliokolewa wote. Ngama za meli zilikuwa na vitu vya kila namna, zikiwemo noti za Jamaika, lakini sifa yake ilitokana na whisky: chupa zinazokadiriwa kufika 264,000. Visiwani kwenyewe pombe ilikuwa imeadimika kwa sababu ya vita. Wanakijiji walitoka usiku na mashua zao wakaenda kujihudumia. Kwa mujibu wao, mali iliyokwisha kuachwa baharini si wizi kuichukua. Kwa mujibu wa afisa wa forodha, ushuru wake ulikuwa haujalipwa, kwa hiyo ni wizi mara mbili. Nyumba zikapekuliwa, mashimo yakafukuliwa, watu kadhaa wakafungwa. Mwisho serikali ikalilipua kwa baruti gamba la meli na shehena iliyobaki ndani yake. Nadhani ndipo wenyeji walipoamini kwamba Serikali ya London haina akili timamu.

Compton Mackenzie, mwandishi aliyekuwa akiishi kisiwa jirani cha Barra, alikichukua kisa hicho akakifanya riwaya ya kuchekesha, Whisky Galore, iliyotoka mwaka 1947. Mwaka 1949 studio ya Ealing ya London ikatoa filamu yenye jina hilohilo. Mwelekezi wake, Alexander Mackendrick, alikuwa hajawahi kuongoza filamu ndefu. Kwa kuwa kumbi za Ealing zilikuwa zimejaa, wapigapicha walitumwa Barra kwenyewe, wakageuza ukumbi wa kanisa kuwa studio, na wenyeji wa kisiwa wakaigiza pamoja na waigizaji wa kulipwa. Kiangazi cha 1948 mvua iliwanyeshea mpaka ratiba ikavurugika na bajeti ikapasuka. Kilichotoka humo ni miongoni mwa filamu za kuchekesha ambazo Waingereza wamezitunza hadi leo.

Nimeichagua filamu hii kwa ajili ya bonde letu la Mbwemkuru, hapa Nachingwea, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni nyepesi: nyinyi mtaielewa haraka kuliko watu wa London. Kuna sehemu ya filamu ambapo habari inafika kwamba wapekuzi wa ushuru wako njiani. Ndani ya dakika chache chupa zinapotea kijiji kizima. Moja inafunikwa kwa unga wa mkate juu ya bakuli, ionekane pai. Nyingine zinapangwa kwenye mifereji ya paa. Whisky inamiminwa kwenye mipira ya maji ya moto ya kupashia kitanda. Mtoto mchanga ananyanyuliwa, chupa zinalazwa, mtoto analazwa juu yake. Hakuna anayetoa amri wala anayeuliza afanye nini. Mtu aliyekulia huku, akaona msimu wa korosho, akajua mabibo yanayokamuliwa yanakuwa uraka, na uraka ukipikwa unakuwa nipa, na akaona namna pipa linavyotoweka uani gari la polisi likikata kona, hahitaji kutafsiriwa sehemu hiyo. Sisemi kwamba nipa ni kitu chema. Nasema tu kwamba ustadi ni uleule.

Kuna na jambo la Sabato. Usiku ule wanakijiji wanapojitayarisha kwenda melini, saa inagonga sita kamili ya usiku wa manane, Jumapili inaingia. Hao ni Wapresbiteri wa kikwelikweli: Jumapili hakuna kazi, na kuiba ni kazi. Basi wanakaa pwani siku nzima wakiitazama meli inavyozidi kulala upande, whisky ndani, na hakuna anayethubutu kugusa kasia. Huo ndio ucheshi ninaoupenda. Hakuna anayeteleza kwenye ganda la ndizi, hakuna anayevaa gauni la mkewe. Watu wanaheshimu sheria moja kwa moyo wote huku wakisubiri kuvunja nyingine, na wao wenyewe hawaoni kichekesho.

Adui yao ni Kapteni Waggett. Ni Mwingereza, mkuu wa mgambo wa kisiwa, na kila mtu mwenye umri wangu humu ndani anajua maana ya mkuu wa mgambo. Anapanga vizuizi barabarani, anatoa hotuba, anaamini kwamba wenyeji wakiachiwa whisky leo, kesho ni vurugu. Hana uovu. Hali rushwa. Kosa lake ni moja: anadhani kisiwa kinaendeshwa na yeye. Mwishoni masanduku ya risasi anayoyarudisha bara yanakutwa na chupa, na mtu pekee asiyegusa whisky ndiye anayetakiwa kujieleza kwa wakubwa. Kijiji kinacheka, na mke wake mwenyewe anacheka.

Sababu ya pili ya kuichagua ni mwaka wake. Mwaka 1949, filamu hiyo ilipokuwa ikioneshwa London, Waggett wa kweli alikuwa hapa Nachingwea.

Wazee wanaijua habari ya karanga, lakini vijana niwape kwa kifupi. Baada ya vita Uingereza ilikosa mafuta ya kula. Siagi na majarini viligawiwa kwa kuponi. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkuu wa kampuni ya United Africa, alipendekeza karanga zilimwe Tanganyika kwa mitambo. Serikali ikatuma watu watatu chini ya John Wakefield. Wakazunguka Afrika Mashariki na Kati kwa wiki chache, safari nyingi kwa ndege, wakarudi na mpango: ekari 3,210,000, gharama pauni milioni 25, miaka sita. Waziri wa Chakula, John Strachey, akaubeba bungeni. Maeneo ya Tanganyika yalikuwa matatu, Kongwa, Urambo na hapa Jimbo la Kusini, na sehemu kubwa kuliko zote ilipangwa kuwa huku kwetu.

Sasa sikilizeni, maana hapa Mackenzie angeweza kuandika bila kubuni chochote. Matrekta yalinunuliwa kutoka kwenye mabaki ya vita. Mengine yalikuwa vifaru vya Sherman vilivyovuliwa mizinga vikageuzwa vya kung'olea visiki. Aliyeletwa kusimamia ni Meja Jenerali Desmond Harrison, kwa sababu msitu ulionekana kama adui wa kushambuliwa. Kule Kongwa mibuyu ilikuwa na nyuki, na nyuki hawakusoma mpango. Kiangazi udongo wa Kongwa uligeuka saruji. Karanga zikakomaa chini zikakataa kutoka. Huku Kusini udongo ulikuwa na huruma zaidi, lakini msitu ulikuwa mnene, na karanga zilikuwa hazijapandwa tayari reli inajengwa. Ilifika Nachingwea mwaka 1949. Likalazwa bomba la mafuta kutoka Mkwaya, kwenye mkono wa bahari wa Lindi, lije kunywesha matrekta. Ikaanza kujengwa bandari ya kina kirefu Mtwara, isafirishe karanga. Januari 1951 serikali ikatangaza kwamba mpango umekwisha, na pauni milioni 36 na nusu zikafutwa kwenye vitabu. Bandari ilifunguliwa mwaka 1954, miaka mitatu baada ya shehena yake kufa. Reli ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya sitini, vyuma vikang'olewa.

Yaliyobaki ni barabara, majengo, na namba. Farm 17 bado inaitwa Farm 17. Wapiganaji wa FRELIMO walipopiga kambi huko, wakiwa chini ya Samora Machel, walikuta shamba limeshapewa namba, wakalitumia hivyohivyo. Ni nadra mradi wa majarini kuishia kuikomboa Msumbiji.

Hakuna aliyetengeneza filamu ya kuchekesha kuhusu mpango huo wa karanga. Alan Wood, aliyekuwa afisa habari wa shirika la karanga, aliandika kitabu mwaka 1950, The Groundnut Affair, na kina mahali pa kuchekesha, lakini ni kitabu cha Mwingereza akiwacheka Waingereza wenzake. Mmwera aliyekuwa amesimama pembeni na jembe lake, akiwatazama, hayumo kama mtu mwenye akili yake. Huyo ndiye ningependa kumsikia.

Filamu ambazo mkoloni alimtengenezea Mtanganyika wakati huohuo zilikwenda upande mwingine kabisa. Historia yake ni ndefu, nitaipita mbio. Kati ya 1935 na 1937, kule Vugiri karibu na Korogwe, Waingereza walijaribu kutengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika: kodi, minyoo, akiba ya posta. Wakati wa vita ikaja Colonial Film Unit, na wataalamu wake wakaandika kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha za haraka. Apewe picha ndefu, polepole, zisizo na ujanja wa kamera. Wakati wakiandika hayo, vijana wa Dar es Salaam na Unguja walikuwa wanajazana kwenye majumba ya sinema kutazama filamu za Kihindi na za makauboi, wanatoka wanaimba nyimbo zake na kuvaa kofia zake. Ile sehemu ya kuficha chupa niliyowasimulia inakatwa haraka sana, picha moja juu ya nyingine. Kwa mujibu wa wataalamu wale, babu zenu wasingeielewa. Babu zenu!

Hata hivyo wasingeiona, kwa sababu nyingine. Bodi za ukaguzi za Tanganyika zilipanga filamu ipi Mwafrika aone na ipi asione, na sheria ya pombe ilimzuia Mwafrika kununua whisky. Filamu nzima inayodai kwamba mwanakijiji ana haki ya kunywa whisky ya serikali na afisa ndiye mjinga, hiyo ilikuwa siasa, hata kama watengenezaji wake walikuwa wanatania.

Mwanzoni mwa miaka ya hamsini kampuni ya Afrika Kusini ilikuja kutengeneza filamu za Kiswahili kwa msaada wa serikali ya Tanganyika. Mojawapo, Muhogo Mchungu, ilitoka mwaka 1952. Ni ucheshi wa mtu wa shamba anayeingia mjini bila kuujua mji, na mji unamla. Aliyecheza mtu huyo ni mtumishi wa Idara ya Ustawi wa Jamii, kijana wa Kusini, Rashidi Mfaume Kawawa.

Hapa naomba tusimame kidogo, maana Kawawa ni wa upande huu wetu. Alizaliwa Matepwende, Songea, na masomo yake ya kwanza aliyapata Liwale, si mbali sana na tulipo. Mwaka 1952 kijana huyo anawachekesha watazamaji wa Tanganyika kwa kujifanya mshamba asiyejua kuhesabu fedha zake. Mwaka 1955 lilipoundwa shirikisho la vyama vya wafanyakazi alikuwa miongoni mwa vinara wake, na akawa katibu mkuu. Januari 1962, Nyerere alipojiuzulu uwaziri mkuu ili akakijenge chama, aliyekabidhiwa serikali ni yuleyule mshamba wa Muhogo Mchungu. Sijapata kuona nchi nyingine ambayo waziri mkuu wake wa pili ndiye aliyekuwa nyota wake wa kwanza wa vichekesho. Na msidhani naona ni aibu. Naona alikuwa mwigizaji mzuri: alicheza bwege kwa mkoloni, mkoloni akaamini.

Lakini filamu yenyewe ilisema nini? Ilisema: mtu wa kijijini, ukitoka kwenu utaibiwa, kaa kwenu. Hadithi ilimpeleka mjini kijana wa shamba ili tumcheke yeye. Whisky Galore ilimleta kijijini mtu wa mjini ili tumcheke yeye. Serikali moja ilitawala huko na huku, filamu ni za miaka ileile, na bwege amekaa kwenye viti viwili tofauti. Kwa Waskoti kicheko kilipanda juu kwa afisa. Kwetu kilielekezwa chini.

Nikisema tumeurithi mwelekeo huo baadhi ya vijana watachukia, lakini nasema. Tazameni vichekesho vya video vya miaka ishirini na zaidi iliyopita. Nawaheshimu sana marehemu King Majuto na Mzee Small. Usoni kwao walikuwa na kitu ambacho hakifundishwi chuoni. Ila chukueni kaseti kumi, hesabuni ni ngapi zinazomcheka mshamba, kigugumizi, mlinzi wa getini, msichana wa kazi, mtu mwenye lafudhi ya kabila fulani. Na lafudhi yetu sisi wa Kusini imefanyiwa kazi kubwa huko, mnajua wenyewe. Halafu hesabuni ni ngapi zinazomcheka mkurugenzi.

Si kwamba hatujui kumcheka mkubwa. Abunuwasi amemdhalilisha sultani katika kila barza ya pwani, na Sungura amemzidi akili Simba tangu kabla ya kuja kodi. Na sisi tuna watani. Msibani, wafiwa wakilia, mtani anaingia, analala kwenye nafasi ya marehemu, anadai deni lake, anamwiga alivyokuwa akitembea kwa maringo, na hakuna wa kumgusa. Jumba zima la Ealing halikuwa na leseni ya namna hiyo. Kwenye jukwaa pia tumejaribu: Farouk Topan na Aliyeonja Pepo, Kezilahabi na Kaptula la Marx. Tunachokosa ni riwaya, tena riwaya ya kuchekesha, nene, yenye kijiji kizima ndani yake, ambayo mtengeneza filamu anaweza kuikatakata.

Kwa nini riwaya? Filamu ya kichekesho inayoanza na wazo tu, na waigizaji watatu, na wiki moja ya kupiga picha, itaishia kwenye nyuso na lafudhi, kwa sababu hakuna kingine cha kushika. Riwaya inampa mwelekezi watu arobaini, kila mmoja na jirani yake na deni lake. Mackendrick na waandishi wake walipunguza bila huruma. Kitabuni kuna visiwa viwili, kimoja cha Waprotestanti na kingine cha Wakatoliki, na vichekesho vingi vinatokana na majirani hao kutazamana. Filamu ilivifanya kisiwa kimoja, ikatupa Ukatoliki, ikabakiza Sabato. Mackenzie mwenyewe alishiriki kuandika muswada wa filamu, na akakubali kuigiza nahodha wa meli inayozama. Hiyo ni tabia nzuri ya mwandishi. Nasi tuna mfano wa karibu kwamba kazi inawezekana, ingawa si wa kuchekesha: Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, riwaya ya mwaka 1999, iliyofanywa filamu na Amil Shivji mwaka 2021 na kuoneshwa Toronto. Kitabu kilikuwepo, kimesomwa shuleni, wahusika wanajulikana. Kamera ilipokuja ilikuta nyumba ina watu.

Basi nani ataiandika riwaya ya karanga? Isiandikwe na mtu wa Dar es Salaam. Iandikwe na mtu anayejua Mbwemkuru inavyokuwa masika na inavyokuwa mwezi wa tisa, anayejua Kimwera cha kumtukania mtu bila mwenyewe kugundua. Nyenzo ziko humu ndani, kwa wazee waliokuwa watoto matrekta yalipoingia. Waulizeni vitu vidogo. Waulizeni trekta la kifaru liliitwaje kijijini. Waulizeni chuma cha reli kilipong'olewa kilikwenda nyumba ya nani.

Nina onyo moja kwa atakayeandika, na nimelitoa kwa Mackendrick. Alilelewa Glasgow, katika maadili ya Kikalvini, na kila mtu kwenye ile filamu akiwa upande wa wanakijiji, yeye alikuwa anamwonea huruma Waggett. Mtayarishaji wake, Monja Danischewsky, alikuwa na wanakijiji. Walibishana, na ubishi wao uko ndani ya filamu: kila Waggett anapochekwa, kuna kitu kinamchoma mtazamaji, kwa sababu kapteni yule ndiye pekee aliyesimamia sheria aliyoiamini. Ondoa hilo, kinabaki kichekesho cha kumwangusha mtu chini, tunakiona kila siku.

Kwa hiyo mwandishi wetu asimfanye bwana wa karanga kuwa nduli. Amfanye mwanajeshi aliyetoka vitani, ambaye huko kwao mkewe anapanga foleni ya majarini na kuponi mkononi, na ambaye anaamini kwa moyo wake wote kwamba amekuja kuwalisha watu. Anaamka alfajiri, ananyoa ndevu, kaptula imepigwa pasi, anatandika ramani yake juu ya boneti ya gari. Anamwona mzee wa Kimwera anapita na jembe begani. Anamwuliza kwa Kiswahili cha kitabuni udongo wa hapa ukoje, mzee anatua jembe, anaanza kueleza kuhusu mwaka wa njaa na mwaka wa mvua nyingi, kuhusu babu yake aliyejaribu kulima pale kwenye ule mwinuko, na bwana wa karanga tayari ameshaanza kuchora mstari.